Kikombe cha Wishwa

Katika miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule ya kijiji kimoja cha Wapokomo, mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi kutoka Garsen, na hakukuwa na mtu niliyemheshimu kuliko mimi mwenyewe. Nilikuwa na kaptula mbili za kupigwa pasi, viatu vya ngozi, na cheti kilichofungwa kwenye fremu. Jirani zangu walikuwa na mashamba, mitego ya samaki na wajukuu. Niliwaonea huruma.

Ujinga wangu mkubwa ulikuwa mezani. Mke wangu alilima mpunga kama wanawake wote wa mto, akautwanga kwa kinu, na wali wake ulitoka mwekundu, wenye harufu ya shamba. Nilipoanza kupokea mshahara nilimwambia wali ule usiwekwe tena mbele yangu.

"Una nini wali huu?" aliniuliza.

"Ni wali wa wakulima."

"Na wewe ni mtoto wa nani?"

Nikawa naagiza gunia la mchele wa mashine kutoka dukani Garsen, mchele mweupe usio na doa, uliokuja kutoka Mombasa. Samaki nilimkataa kwa sababu mwalimu hawezi kushika chaki kwa vidole vinavyonuka kambare. Kunde na pojo nilizikataa kwa sababu nilizila utoto wangu wote na niliona zimetosha. Nilikula wali mweupe, nikanywa chai yenye sukari nyingi, na nilipotaka kujifurahisha nikala biskuti za kopo. Nilikula hivyo miezi mingi, mke na watoto wakila chao upande wa jikoni, wakinenepa.

Kwanza nyayo zilishikwa na ganzi. Kisha miguu ikavimba hadi viatu vya ngozi vikakataa kunipokea, nikawa naenda darasani na ndala za matairi, jambo lililonikera kuliko uvimbe wenyewe. Mwishowe pumzi ikanikatika. Kutoka nyumbani hadi shuleni palikuwa na hatua mia mbili hivi, nami nikawa napumzika mara tatu, nikijifanya naangalia usafi wa kiwanja. Nilianza kufundisha nikiwa nimekaa. Wanafunzi walidhani nimepandishwa cheo.

Siku niliyoanguka karibu na ubao, wakubwa wa darasa walinibeba hadi mtumbwini, tukateremka mto. Hospitali nitakayoisimulia sitaitaja, kwa kuwa ina wagonjwa wake na haijanikosea zaidi ya nilivyojikosea. Walinilaza kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, wakaniambia nina maradhi ya moyo.

Hapo nikakutana na lile Sista aliloliita Kundi la Moyo. Lilikuwa na watu watatu. Daktari, Mzungu mrefu asiyeongea sana, alizunguka zahanati za mto mzima, tukimwona mara moja moja. Sista, Mzungu vilevile, alibaki nasi siku zote, na katika mambo yote alikuwa na uhakika kumzidi daktari. Wa tatu alikuwa koplo mstaafu, mtu wa huku kwetu mtoni, aliyepigana na Wajapani katika vita vya Bama na huko akafunzwa kuwatembeza askari waliolala hospitali muda mrefu mpaka wapate nguvu. Wazo lenyewe, nakiri, lilikuwa jema. Mgonjwa wa moyo hatoshwi na vidonge. Anahitaji pia mtu wa kumfundisha kula, na mwingine wa kumfundisha kutembea upya, na hao wote waambiane wanachokiona. Hilo la kuambiana ndilo lililowashinda.

Kila Jumanne na Ijumaa tulikusanywa barazani, wagonjwa sita, kwa somo la chakula. Sista alitundika karatasi kubwa yenye picha. Palikuwa na tufaha, jibini, karoti, na samaki asiye na kichwa.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa mfugaji wa Kiorma, mtu mzima mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, ambaye moyo wake uliharibika tangu ujanani baada ya homa iliyomshika viungo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini akili yake haikuwa ya sokoni hata kidogo.

"Ile nyekundu nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Tunda. Linaitwa tufaha."

"Tapata wapi?"

"Ulaya."

Akaitazama picha tena, kisha akamtazama Sista. "Sasa huyu naonyesha sisi kwa nini?"

Sista alikuwa amefika kwenye chumvi. Alimnyooshea mfugaji kidole. "Wewe! Hapana kula chumvi!"

"Chumvi mimi nampa ng'ombe," alisema mfugaji kwa adabu. "Mimi nakunywa maziwa."

Sista akaandika daftarini kwamba mgonjwa amekubali kuacha chumvi. Nilicheka, na kicheko kikanigeukia kikohozi.

Usidhani kwamba nilikuwa upande wa mfugaji. Wote niliwadharau sawasawa: Sista kwa Kiswahili chake, mfugaji kwa kutojua tufaha, koplo kwa sababu alikuwa koplo. Zamu yangu ilipofika, Sista aliniuliza nakula nini nyumbani, nikasimama kama niliye mbele ya mkaguzi wa shule. Nilikuwa nikifundisha somo la siha kutoka kwenye kitabu, na ukurasa wa chakula bora niliujua kwa moyo. Nikautapika wote: mayai, maziwa, maini, matunda, mboga za majani, samaki mara mbili kwa wiki.

Sista alifurahi karibu alie. "Naona? Mwalimu nafahamu! Nyinyi wote fuata yeye!"

Tangu siku ile nikawa msaidizi wake. Yeye alisema, mimi nikafasiri, na kijiti cha kuonyeshea picha nikakishika mimi. Nilisimama na miguu yangu kama magogo ya mtumbwi, nikawaeleza watu waliokuwa na afya kunizidi jinsi ya kula.

Asubuhi za siku nyingine zilikuwa za koplo. Alikuwa amepiga vigingi kutoka barazani hadi ukingoni mwa mto. Mgonjwa alianza kwa kigingi cha kwanza na kurudi. Asipohema sana, kesho yake alikwenda cha pili. Hakupiga kelele za jeshi. Alitembea kando yako, akakushika mkono, akahesabu pumzi. Mfugaji, aliyekuwa akimeza vidonge vyake bila kukosa, alifika kigingi cha tano, kisha cha saba. Mimi, niliyeendelea na wali mweupe na chai hata hospitalini, nilikuwa nikirudi nyuma. Wiki ya kwanza nilifika cha tatu. Wiki ya tatu, cha kwanza kilinitoa jasho.

Asubuhi moja koplo hakunitembeza. Alipiga magoti mbele yangu, akaibonyeza misuli ya nyuma ya mguu. Nikapiga ukelele.

"Chuchumaa, Mwalimu," akasema.

"Ili iweje?"

"Chuchumaa tu."

Nikachuchumaa.

"Sasa simama, usishike kitu."

Sikuweza. Nilijaribu, magoti yakanitoka, nikakaa chini kwenye mchanga kama mtoto anayejifunza kutembea. Koplo akamwita mfugaji, akamwambia afanye vilevile. Mfugaji alichuchumaa, akasimama, akahema kidogo, akatabasamu.

"Miguu kama yako niliiona Bama," koplo aliniambia akiniinua. "Mateka tuliowachukua walikuwa hivi. Daktari wa jeshi aliwachuchumaza mstari mzima. Alisema si moyo, ni mchele."

"Koplo," nikamwambia, "unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Basi niachie mimi mambo ya maradhi. Wewe hesabu vigingi."

Maneno hayo niliyatamka mimi, nikiwa nimekaa mchangani. Koplo hakukasirika. Alikwenda kumwambia Sista, nami nikasikia jibu kupitia dirishani: kazi yake ni matembezi, chakula kina mwenyewe. Tukawa tumemjibu neno moja, mimi na Sista, bila kupatana.

Daktari aliporudi kutoka upande wa Bura, alisimama miguuni pa kitanda changu na Sista wakazungumza kwa Kiingereza, wakidhani nami ni sehemu ya ukuta. Moyo umetanuka, daktari alisema. Vidonge havimsaidii, na hajui ni kwa nini. Sista akasema inasikitisha, kwa sababu ndiye mgonjwa pekee aliyekuwa akila sawasawa. Daktari akauliza kama nina familia ya kupelekewa habari.

Kiingereza changu, nilichokipenda mno, siku ile nilitamani nisingekuwa nacho. Nilijifunika shuka hadi kichwani. Kwa mara ya kwanza sikuwa na wa kumdharau, niliogopa tu.

Mke wangu aliitwa. Alikuja na mtumbwi wa ndugu yake, amebeba kuku mmoja na kapu la mpunga, kwa kuwa hajawahi kwenda ugenini mikono mitupu. Daktari na Sista walikuwa wodini. Koplo alimpokea mlangoni, akamtua kapu, na hapo hapo, mbele ya wote, akamuuliza:

"Shemeji, Mwalimu akiwa nyumbani hula nini?"

Sista akamkatiza. "Hiyo mimi naandika zamani!"

"Namuuliza mkewe, Sista."

Mke wangu alinitazama. Nilimkonyeza anyamaze. Yeye si mtu wa kukonyezwa.

"Hula mchele wa dukani na chai," alisema. "Asubuhi chai, mchana wali mweupe, usiku wali mweupe. Samaki hali, kunde hali, wangu wa kinu hali. Ati ni chakula cha wakulima."

Sista alifungua daftari lake, akalifunga. Daktari, ambaye sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili zaidi ya salamu, akamtaka arudie polepole. Kisha akaja kitandani, akanibonyeza mguu pale pale alipobonyeza koplo, nikapiga ukelele uleule. Akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini nilidanganya. Nikasema sikudanganya, nilijibu swali kama lilivyo kitabuni. Nadhani hilo ndilo jibu la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kutoa, na nimetoa mengi.

Maradhi yangu ni beriberi, alisema, yanayotokana na kula mchele ulioondolewa pumba zake. Dawa ya sindano ilikuwapo, lakini Mombasa, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeizamisha barabara. Akamuuliza mke wangu kama katika kapu lile kuna mpunga ambao haujatwangwa. Upo. Basi autwange hapa hapa, na wishwa, yaani zile pumba laini nyekundu zinazobaki kwenye ungo, asizitupe.

"Nimpe kuku?" mke wangu aliuliza.

"Mpe mume wako," daktari alisema.

Mke wangu alicheka hadi akashika nguzo. Alicheka kwa haki ya miaka mingi, na hakuna aliyemzuia.

Kwa siku nyingi mlio wa kinu ulisikika uani mwa hospitali. Wishwa ulipikwa uji mzito, ukaletwa kwa kikombe cha bati, asubuhi, mchana na jioni, na pembeni bakuli la kunde. Ladha yake ni ya ungo uliolowa. Ulinishika kooni, nikaunywa. Mfugaji, amekaa kitandani kwake na kikombe chake cha maziwa, alinitazama nikimeza chakula cha kuku na hakunicheka, nami nikamshukuru kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Siku ya nne nilikojoa mchana kutwa. Sina namna ya adabu ya kulisema hilo. Maji yote yaliyokuwa miguuni yalipata njia. Siku ya kumi nilichuchumaa mbele ya koplo na kusimama. Wiki ya tatu nilifika kigingi cha mwisho, nikauona mto, nikarudi bila kuhema. Sindano zilipowasili kutoka Mombasa nilichomwa, lakini kila mtu, hata mfagiaji, alijua kilichokuwa kimeniponya.

Ungetegemea sasa Sista amwombe koplo radhi. Karatasi ya picha iliteremshwa, kweli. Mahali pake palichorwa mpunga, kinu na kunde, na Sista akatangaza kwamba Kundi la Moyo limegundua chakula cha moyo. Daktari alikuwa amekwenda tena zahanati za juu. Kila mgonjwa wa moyo akaanza kuletewa kikombe cha wishwa, awe anakula mchele wa dukani au hajawahi kuuonja. Koplo alisema neno moja kwamba maradhi ya moyo si ya aina moja, akarudishwa kwenye vigingi vyake.

Mfugaji alipewa kikombe chake. Akanusa, akanigeukia. Kwake yeye mimi nilikuwa ushahidi: alikuwa ameniona nikielekea kaburini na ameniona nikirudi.

"Mwalimu, hii taponya mimi pia?"

Nilijua kwamba homa ya viungo ndiyo iliyomharibu. Alikuwa amenisimulia mwenyewe. Nilimsikia koplo pia. Lakini nilikuwa nimepona, nimerudishiwa kijiti cha kuonyeshea picha, na mwalimu akiulizwa swali hujibu.

"Itakuponya," nikamwambia. "Hata vidonge utaviacha."

Akaunywa wote, akaufuta mdomo, akanishukuru kwa lugha yake. Wiki ileile alichukuliwa na ndugu zake kwenda kwenye ng'ombe wake, ng'ambo ya Garsen, na kifuko cha wishwa alichopewa na mke wangu.

Nilirudi shuleni. Nilikula wali mwekundu upande wa jikoni pamoja na watoto, na mke wangu hakuniambia "nilikwambia". Aliniongezea tu kunde kila nilipotaka kuinuka. Baada ya miezi michache nikaletewa barua. Kundi la Moyo litafanya baraza Garsen siku ya soko, nami nihudhurie, nieleze nilivyopona.

Nilivaa viatu vya ngozi. Watu walikuwa wengi karibu na kivuko: Wapokomo na ndizi zao, Waorma na maziwa na ngozi, na wenye maduka, ambao walisimama mbali kwa kuwa walisikia kwamba mchele wao utasemwa. Sista alisimama juu ya sanduku. Koplo alikuwa nyuma, ameshika kinu cha maonyesho kama bawabu. Nikaitwa. Nilisema vizuri, nasikitika kukiri. Nilisema kuhusu elimu, kuhusu chakula cha mababu, kuhusu ushirikiano wa wataalamu, na la koplo na mke wangu sikuligusa. Watu wakapiga makofi.

Mwanamke mmoja wa Kiorma alisimama katikati ya watu. Alisema kwa lugha yake, na kijana wa duka akafasiri.

"Anasema mume wake alilala kitanda karibu na cha huyu mwalimu. Anasema alikunywa wishwa kila siku mpaka ukaisha, akatuma watu kuutafuta mwingine kwa Wapokomo. Vidonge aliviacha. Amekufa kabla ya mvua. Anauliza, yeye alikosea wapi?"

Sista alinisogelea sikioni. "Endelea tu," akanong'ona kwa Kiingereza. "Sema hakufuata maagizo."

Sikusema hivyo. Lakini sikusema la kweli pia. Nilisema, "Mungu amrehemu," nikashuka, na Sista akaendelea na kunde.

Nilimfuata yule mama sokoni. Nilimkuta akifunga vibuyu vyake, nikamwita yule kijana wa duka anifasirie.

"Mwambie hakukosea. Mwambie vidonge vilikuwa vyake, na wishwa ulikuwa wangu mimi, maradhi yetu hayakuwa mamoja. Mwambie mimi ndiye niliyemwambia aviache."

Kijana alinitazama kwanza, kisha akamweleza. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, akajibu maneno machache.

"Anasema anajua. Mume wake alisema, 'Mwalimu amesema.'"

Akachukua kutoka kwenye kapu kopo dogo la bati, akanipa. Ndani vilikuwamo vidonge, karibu vyote. Alikuwa amekuja navyo ili mtu wa hospitali amwambie kama vinafaa kupewa mdogo wake mume, ambaye naye homa ilimshika viungo mwaka uliopita.

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, kamili, lenye mwanzo na mwisho. Nikalimeza, nikamwongoza yeye na mfasiri wake mpaka kwa koplo, nikakaa pembeni wakati yeye akimuuliza yule mama, moja baada ya jingine, umri wa huyo shemeji, viungo gani viliuma, na akipanda ukingo wa mto anapumua namna gani. Alimwambia asimpe kidonge hata kimoja, amlete mwenyewe, na akamtajia siku ambayo daktari atakuwapo.

Walimleta kwa mtumbwi. Mara hiyo daktari alimsikiliza koplo kabla ya kumsikiliza mtu mwingine yeyote. Hilo nililiona kwa macho yangu, kwa sababu nilikwenda kufasiri Kiswahili cha koplo na Kiingereza cha daktari, na nilifasiri neno kwa neno bila kuongeza langu. Yule shemeji alitibiwa viungo na moyo, akatembezwa vigingi vyote, akarudi kwa ng'ombe. Mwaka uliofuata daktari alihamishwa, Sista akaenda likizo Ulaya na hakurejea, na vigingi vikachukuliwa na maji mto ulipofurika. Koplo alirudi kulima mpunga, na hakuna aliyemtafuta tena kumuuliza lolote, isipokuwa yule mama, ambaye kila alipoleta maziwa Garsen alimpelekea kibuyu kimoja.